BWENI HUJENGWA NA NANI?

Somo kwa wahitimu wa kisomo: jinsi vyuo vikuu vilivyojengwa, na maisha ya wanafunzi wake

Mwezi uliopita nilipanda milimani, juu ya Gonja, kutembelea darasa la watu wazima. Siku hiyo hatukusoma sana, maana watu walikuwa na jambo lao. Kata yao inataka kujenga bweni la wasichana kwenye shule ya sekondari. Wasichana wengine wanatoka vitongoji vya mbali. Wanaondoka nyumbani alfajiri, wanateremka korongo, wanapanda tena, na jioni ni hivyo hivyo. Mvua ikinyesha njia inateleza na vijito vinajaa. Wasichana wawili wameshaacha shule.

Mkutano wa kijiji ulikubali kwamba wananchi wachangie nguvu zao kwa msaragambo: mawe, mchanga na maji. Fedha za saruji na mabati zitaombwa halmashauri. Lakini siku ya kwanza ya kazi walifika watu wachache tu. Nikauliza, kulikoni?

Mama mmoja, mhitimu wa kisomo, akasimama. Akasema: "Mwalimu, mimi nimebeba mawe ya zahanati. Nimebeba mawe ya shule ya msingi. Tangawizi yangu niliiuza, nikamsomesha mtoto mpaka chuo kikuu. Leo ni mwaka wa nne hajafika nyumbani. Hata simu ni ya kuvizia. Sasa nibebe mawe tena kwa ajili ya nani?"

Darasa lote likanyamaza. Mzee mmoja aliyekaa karibu na mlango akaongeza: "Na huko chuo kikuu wanafanya nini hasa? Tunaambiwa miaka mitatu, mingine minne. Mbona akirudi jembe linamshinda?"

Ndugu msomaji, sikuwa na jibu la papo hapo. Niliwaambia, "Wazee wangu, nipeni muda nikatafute." Somo hili ndilo jibu langu. Lisome polepole. Kama mko kwenye kikundi, mmoja asome kwa sauti na wengine wasikilize. Mwishoni yapo maneno mapya, hesabu na maswali.

CHUO KIKUU NI NINI?

Tunajua shule ya msingi. Tunajua sekondari. Chuo kikuu ni shule ya juu ya hizo. Huko mtu hasomi kila kitu. Anachagua fani moja, au chache, na kuchimba mpaka ndani. Mmoja anasoma sheria, mwingine udaktari, mwingine kilimo, mwingine ujenzi wa madaraja. Kila fungu la masomo lina nyumba yake inayoitwa kitivo.

Tena chuo kikuu hakifundishi tu yale yanayojulikana. Kinatafuta pia yale yasiyojulikana bado. Kwa nini mdudu huyu anakula mahindi? Maji ya mlima huu yanakwenda wapi? Babu zetu walijitawala vipi? Kazi hiyo ya kutafuta inaitwa utafiti.

Jambo hili si geni kwetu. Wazee wa Upare wanaukumbuka mshitu, msitu ambamo vijana walifundwa kabla ya kuhesabiwa kuwa watu wazima. Kijana alitengwa na nyumbani, akafundishwa, akapimwa, kisha akarudi kuwatumikia watu wake. Neno la kushika hapo ni hilo la mwisho: akarudi.

WANAFUNZI WALIOFYATUA MATOFALI

Kwanza twende mbali kidogo, Marekani, katika jimbo la Alabama. Mwaka 1881 ilifunguliwa shule ya watu weusi mahali panapoitwa Tuskegee. Wakati huo utumwa ulikuwa umekomeshwa miaka 16 tu nyuma. Mkuu wa shule aliitwa Booker T. Washington. Yeye mwenyewe alizaliwa mtumwa.

Shule ilianza na wanafunzi 30 hivi, katika jengo la kuazima. Paa lilivuja. Mvua iliponyesha, mwanafunzi mmoja alimshikia mwalimu mwavuli ili aendelee kufundisha!

Washington aliamua kwamba wanafunzi wajenge shule yao wenyewe. Wakaanza kufyatua matofali. Tanuri la kwanza likaharibika. La pili likaharibika. La tatu nalo likaharibika. Fedha zikaisha. Washington akaenda kuweka rehani saa yake, akapata dola 15, wakawasha tanuri la nne. Hilo likafaulu. Baadaye watu wa mji, weupe kwa weusi, wakawa wanakuja kununua matofali ya shule.

Maisha ya wanafunzi yalikuwa ya kengele. Kengele ya kuamka, ya kufanya usafi, ya darasa, ya karakana, ya shamba, ya sala, ya kulala. Kila mwanafunzi alitakiwa awe na mswaki wake. Wazazi wengine walikasirika. Waliandika barua kusema: sisi tumemleta mtoto kusoma vitabu, hatukumleta kufanya kazi. Mnaona? Malalamiko haya si ya leo, wala si ya Upare peke yake.

Washington alipofariki mwaka 1915, shule ile ya paa bovu ilikuwa na majengo zaidi ya 100. Mengi yalijengwa kwa mikono ya wanafunzi. Tena haikukaa na elimu yake ndani ya ua. Mwaka 1906 walitengeneza gari la kukokotwa na wanyama, wakapakia vifaa vya kilimo, wakaenda nalo vijijini kuwafundisha wakulima. George Washington Carver, mtaalamu wa kilimo aliyefundisha hapo tangu mwaka 1896, alikuwa nyuma ya mpango huo. Leo mahali hapo ni Chuo Kikuu cha Tuskegee.

Lakini sifa peke yake hazifundishi. Alikuwepo msomi mwingine mweusi wa Marekani, W.E.B. Du Bois. Mwaka 1903 aliandika kumpinga Washington. Alisema si haki mtoto wa mtu mweusi afundishwe kazi za mikono tu huku akinyimwa elimu ya juu na haki ya kupiga kura. Nani atakuwa mwalimu wa walimu? Nani atasimama mahakamani?

Ubishi huo ulitufikia hata sisi. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilizunguka Afrika Mashariki, Tanganyika ikiwemo, kutazama elimu ya Waafrika. Ilipendekeza elimu ifuate mazingira ya kijijini: kilimo, afya, ufundi. Wakoloni wengi walifurahi. Kwa nini? Wengine waliona ni elimu yenye faida kwa watu. Wengine waliona ni njia nzuri ya kumweka Mwafrika kwenye jembe asiinue kichwa. Kwa hiyo, ndugu msomaji, jembe ni jema, lakini uliza kila mara: nani anataka nishike jembe, na kwa faida ya nani?

KUMI NA WANNE, NA KUMI NA WANNE

Sasa turudi nyumbani.

Mwaka 1922 huko Kampala, Uganda, ilifunguliwa shule ya ufundi ya Makerere. Wanafunzi walikuwa 14 tu. Walisoma useremala, ujenzi na umakanika. Shule hiyo ilikua mpaka ikawa chuo kikuu. Kwa miaka mingi kijana wa Tanganyika aliyetaka elimu ya juu alisafiri mpaka huko. Mwalimu Julius Nyerere alisoma Makerere kuanzia mwaka 1943 hadi 1945. Mwana wa Upare Cleopa Msuya, aliyezaliwa Chomvu, Usangi, mwaka 1931, alisoma hapo kuanzia 1952 hadi 1955. Aliporudi alifanya kazi ya maendeleo ya jamii vijijini. Baadaye alikuwa Waziri Mkuu mara mbili. Alifariki mwaka 2025.

Mwaka 1961, mwaka wa Uhuru wetu, Tanganyika ilianzisha chuo chake. Hakikuwa na majengo. Kilianzia katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam. Kilikuwa na kitivo kimoja tu, cha sheria. Wanafunzi hawakuzidi 14. Kilikuwa chini ya Chuo Kikuu cha London, kwa hiyo hata shahada zilikuwa za London.

Kwa nini walianza na sheria? Kwa sababu mawakili na mahakimu Waafrika walikuwa wachache mno, na nchi inayojitawala haiwezi kuhukumiwa na wageni siku zote. Tazama basi: Makerere walianza na randa na nyundo chini ya mkoloni. Lumumba walianza na vitabu vya sheria siku za Uhuru. Washington na Du Bois wangekuwa na la kusema hapo!

KUHAMIA MLIMANI

Mwaka 1964 chuo kilihamia kwenye kilima, kama kilomita 13 kutoka katikati ya mji. Ndiyo maana mpaka leo watu husema "Mlimani". Eneo lake lilizidi ekari 1,600. Huko yakajengwa madarasa, maktaba, mabweni na ukumbi wa Nkrumah. Ukumbi huo umewahi kushikwa na mikono ya kila mkulima. Picha yake ilikuwa nyuma ya noti ya shilingi 500.

Kisha vitivo vikaongezeka. Sayansi ya jamii mwaka 1964. Sayansi mwaka 1965. Udaktari mwaka 1968, huko Muhimbili. Kilimo mwaka 1969, huko Morogoro. Uhandisi mwaka 1973. Tangu mwaka 1963 chuo kilikuwa pamoja na Makerere na Nairobi katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Tarehe 1 Julai 1970 kikawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinachojitegemea. Mkuu wa Chuo alikuwa Mwalimu Nyerere, na Makamu wake Pius Msekwa. Kile kitivo cha kilimo kikazaa Chuo Kikuu cha Sokoine mwaka 1984.

Je, nani alilipa? Misaada ya nje ilikuwepo. Lakini mwanafunzi wa siku zile hakulipa ada, chakula wala malazi. Serikali ilimlipia. Na Serikali ilipata fedha wapi? Katika kahawa, katani na pamba, na katika kodi ya watu ambao wengi wao walikuwa hawajui kusoma.

Mwalimu Nyerere alitoa mfano ambao sisi tunaotoka nchi ya ukame wa tambarare tunauelewa vizuri. Alisema msomi ni kama mtu wa kijiji chenye njaa. Kijiji kimempa chakula chote kilichobaki ili apate nguvu ya kwenda mbali kuleta chakula kingine. Akila akashiba asirudi, ni msaliti.

MWAKA 1966: MAJOHO BARABARANI

Sasa tunafika penye moto. Mwaka 1966 Serikali ilitaka wahitimu wa vyuo waingie Jeshi la Kujenga Taifa. Wangekaa kambini miezi michache. Halafu, kwa miezi 18 hivi, wangefanya kazi zao za kawaida lakini wapate asilimia 40 tu ya mshahara. Yaani katika kila shilingi 100, wapokee 40.

Wanafunzi walikataa. Tarehe 22 Oktoba 1966 waliandamana mpaka Ikulu wakiwa wamevaa majoho ya chuo. Mabango mengine yaliandikwa kwamba afadhali wakati wa ukoloni.

Nyerere aliwasikiliza, kisha akakasirika. Wanafunzi karibu 400 walirudishwa makwao. Lakini hakuishia kwa vijana. Alikiri kwamba mishahara ya viongozi nayo ni mikubwa mno, wake ukiwemo. Hapo hapo akapunguza mshahara wake kwa asilimia 20. Wengi wa wanafunzi wale walirudishwa chuoni mwaka uliofuata.

Miezi michache baadaye, Februari 1967, likaja Azimio la Arusha. Mwezi Machi likaja andiko la Elimu ya Kujitegemea, lililosema shule iwe pia shamba na karakana, na mwanafunzi asijione bora kuliko baba yake.

Je, nani alikuwa na haki? Tusiharakishe. Wapo waliosema vijana walikuwa wabinafsi. Wapo waliosema vijana waliuliza swali la haki: kwa nini tukatwe sisi wakati wakubwa wanapanda magari ya kifahari? Kila upande ulikuwa na kitu. Funzo moja haliwezi kukataliwa: ukimwambia kijana ajitolee, anza wewe.

SIKU YA MATAMBARA

Yapo pia mambo mazuri yaliyofanywa na wanafunzi wenyewe. Chuoni palikuwa na desturi iliyorithiwa kutoka Uingereza. Siku moja kwa mwaka wanafunzi walivaa matambara, wakazunguka mjini kwa magari wakicheka na kuimba, wakiomba fedha za kuwasaidia maskini.

Mwaka 1968 wanafunzi wenzao wa kikundi kilichoitwa USARF waliona haya. Walisema: mkulima havai matambara kwa mzaha, anayavaa kwa sababu hana nguo nyingine. Msaada gani huu wa kumcheka unayemsaidia? Basi wakatoa upepo kwenye matairi ya magari. Msafara ukafia hapo hapo.

Mwenyekiti wa kikundi hicho alikuwa kijana kutoka Uganda, Yoweri Museveni, ambaye mwaka 1986 alikuja kuwa Rais wa nchi yake. Mwalimu wao mmoja alikuwa Walter Rodney kutoka Guyana, aliyeandika kitabu maarufu kuhusu jinsi Ulaya ilivyoirudisha Afrika nyuma, kilichotoka mwaka 1972. Vijana hao walitoa gazeti lao, Cheche. Walikwenda kufanya kazi katika vijiji vya ujamaa. Walibishana usiku kucha. Mwaka 1970 Serikali ilikifunga kikundi na gazeti pia.

Mzee wangu wa mlangoni, uliuliza wanafanya nini huko. Basi wanasoma, wanafanya mitihani, wanakula kwa foleni, wanacheza mpira, wanachumbiana, na wanabishana. Ubishi huo wa hoja ni sehemu ya kazi yao. Kijana asiyejifunza kuuliza akiwa na miaka 22 hatauliza akiwa ofisini mwenye mhuri.

SISI WATU WAZIMA TUNAINGIA WAPI?

Msidhani chuo kikuu ni cha vijana tu. Mwaka 1960 Makerere ilianzisha hapa kwetu kitengo cha masomo ya nje ya chuo, kwa ajili ya watu wenye kazi zao. Kitengo hicho kikaja kuwa sehemu ya chuo cha Dar es Salaam. Mwaka 1975 kikawa Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima inayojitegemea.

Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Nyerere akataja wilaya sita zifute ujinga wa kutojua kusoma mpaka mwisho wa mwaka 1971: Mafia, Ukerewe, Kilimanjaro, Tanga, Masasi, na Pare. Ndiyo, Pare yetu, kabla haijagawanywa kuwa Same na Mwanga. Bibi na babu zenu walikaa chini ya miti na vibao mapajani. Mwaka 1967 watu wazima wawili kati ya watatu nchini hawakujua kusoma. Hesabu ya Serikali ya mwaka 1986 ilionyesha hata mmoja kati ya kumi hawafiki. Tangu siku hizo tumeteleza tena, nanyi mnajua, maana madarasa mengi yalikufa. Ndiyo sababu bado napanda mlima.

Mwaka 1974, katika Maazimio ya Musoma, chama kiliamua kijana asiende chuo kikuu moja kwa moja kutoka shuleni. Afanye kwanza Jeshi la Kujenga Taifa na kazi miaka miwili. Utaratibu huo baadaye ulilegezwa. Lakini uliwafungulia mlango watu waliokwisha kufanya kazi. Na Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kinamfundisha mtu akiwa kwake na watoto wake na shamba lake.

WAZEE WA UPARE WALIPOKUWA WALIMU

Hapa ndipo ningependa yule mama na yule mzee wasikilize sana.

Isaria Kimambo, mwana wa Upare, alikuwa mtaalamu wa historia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alipotaka kuandika historia ya kwetu kabla ya wakoloni, vitabu havikumtosha. Alifanya nini? Alirudi milimani. Akakaa na wazee, akawauliza, akaandika. Wazee wakamweleza habari za Ugweno, za Washana wahunzi waliotawala kwa chuma, na jinsi Wasuya walivyowaondoa na kuusimika utawala mpya, na jinsi mshitu ulivyotumiwa kuwaunganisha vijana. Mwaka 1969 kitabu chake kikachapishwa Nairobi. Wanafunzi wa vyuo vikuu vya mbali wanakisoma.

Mnaona kilichotokea? Watu ambao wengi wao hawakujua kusoma waliifundisha chuo kikuu. Naye msomi alirudi, akachukua maneno yao, akayapa kalamu. Huko ndiko kurudi. Si lazima arudi na jembe. Arudi na kile alichotumwa.

MAJENGO YA LEO

Chuo cha wanafunzi wasiozidi 14 leo kina maelfu mengi. Kwa muda mrefu mabweni hayakutosha. Vijana walibanana, wawili kitanda kimoja, au wakapanga vyumba vya bei kubwa mitaani. Tarehe 15 Aprili 2017 Rais John Magufuli alifungua mabweni mapya Mlimani: majengo 20, ya wanafunzi 3,840, kwa shilingi bilioni 10. Tarehe 27 Novemba 2018 ikafunguliwa maktaba mpya iliyojengwa kwa msaada wa China. Inaingiza wasomaji 2,100 kwa mara moja na kuweka vitabu 800,000.

Kitu kingine kimebadilika. Siku hizi wanafunzi wengi wanasoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Mhitimu akipata kazi anakatwa mshahara mpaka deni liishe. Mama, labda hili lisikupunguzie uchungu, lakini ujue. Vijana wengine hawapigi simu kwa kiburi. Wengine hawapigi kwa aibu: kazi hawajapata, deni linawasubiri, na nyumbani wanangojewa kama mkombozi. Muulize wako kabla hujamhukumu.

TURUDI KWENYE SWALI

Bweni hujengwa na nani? Tuskegee lilijengwa na wanafunzi wenyewe. Mlimani lilijengwa kwa kodi na misaada. Huku kwetu linajengwa kwa msaragambo. Lakini kote huko kuna watu waliobeba mzigo ambao hawatalala ndani ya jengo. Bila wao hakuna chuo.

Sisi tunazo ndiva. Mnajua zinavyofanya kazi. Maji yanakusanywa usiku kucha. Asubuhi ndiva inafunguliwa, na kila mwenye shamba anapata kwa zamu. Asiyefika kwenye msaragambo wa kusafisha mfereji, zamu yake ina mashaka. Elimu ni ndiva pia. Ikijaa isifunguliwe, ni dimbwi la vyura tu. Lakini dawa ya ndiva isiyofunguliwa si kuibomoa. Dawa ni kumfuata mwenye zamu na kumwambia: fungua.

Nilirudi darasani nikawasomea somo hili. Yule mama alisikiliza mpaka mwisho. Hakusema kwamba nimemshawishi. Alisema: "Nitabeba, maana wale wasichana wawili ni wa jirani yangu. Lakini naweka sharti. Pawe na daftari. Kila aliyebeba jiwe aandike jina lake kwa mkono wake. Daftari likae bwenini, na kila msichana anayeingia alisome siku ya kwanza."

Mzee wa mlangoni akasema, "Na wakifika chuo kikuu, likizo warudi kutufundisha hesabu za simu." Watu wakacheka, lakini mwenyekiti aliandika na hilo pia.

Daftari lilinunuliwa dukani jioni ile ile. Jina la kwanza ni la yule mama. Mwandiko wake unapinda kidogo, lakini unasomeka.

MANENO MAPYA

Kitivo: sehemu ya chuo kikuu inayofundisha fungu moja la masomo.
Shahada: cheti anachopewa aliyefaulu masomo ya chuo kikuu.
Utafiti: kazi ya kutafuta ukweli wa jambo kwa kuuliza, kupima na kuandika.
Joho: vazi refu la heshima linalovaliwa na wasomi siku za sherehe.
Rehani: kuacha mali kama dhamana ili upate fedha.
Mhitimu: mtu aliyemaliza mafunzo. Wewe msomaji ni mhitimu pia.

HESABU

1. Mabweni ya mwaka 2017 ni majengo 20 ya wanafunzi 3,840. Kila jengo ni la wanafunzi wangapi? (Jibu: 192.)

2. Tuseme mhitimu angepata shilingi 1,000 kwa mwezi, na anapewa asilimia 40 tu. Angepokea kiasi gani? Angekatwa jumla ya kiasi gani kwa miezi 18? (Jibu: angepokea 400 kwa mwezi, angekatwa 10,800.)

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Wazazi wa wanafunzi wa Tuskegee walilalamikia nini? Je, nanyi mmewahi kulalamika hivyo? Mlikuwa na haki?

2. Washington alisisitiza kazi za mikono. Du Bois alidai elimu ya juu. Mtoto wako ungempa ipi kwanza, na kwa nini?

3. Mwaka 1966 nani alikuwa na haki, Serikali au wanafunzi? Kila mmoja atoe sababu moja kwa kila upande.

4. Wazee wa Upare walimfundisha Kimambo. Wewe unajua jambo gani ambalo chuo kikuu hakijaandika? Anza kuliandika katika daftari lako, ukurasa mmoja tu.

5. Je, kijijini kwenu mtu aliyesomeshwa na wananchi ana wajibu gani? Andikeni wajibu mitatu, kisha mmtumie mmoja wa vijana wenu aliyeko chuoni. Ngojeni jibu, na mlisome pamoja.